Mzinga na Ngoma: Kuwakumbuka Mafundi wa Kilosa na Mikumi

Mtu mashuhuri akifariki, habari zake hutangazwa redioni na wasifu wake huandikwa magazetini. Fundi wa kijijini akifariki, jirani hukusanyika, kaburi huchimbwa, na baada ya arobaini sifa zake hubaki vinywani mwa wachache waliomjua. Wachache hao nao wakiondoka, fundi yule huwa amekufa mara ya pili. Katika insha hii twakusudia kuwakumbuka mafundi wa namna hiyo katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro: wazee waliorina asali na kuchonga miti, waliopendwa na watu wao, na ambao historia iliyoandikwa haikuwapa hata mstari mmoja.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Kilosa ni nchi ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Magharibi yake imesimama milima ya Rubeho. Katikati Mto Mkondoa umejikatia bonde ambalo zamani lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ugogo na Unyamwezi. Kusini ni mji wa Mikumi, uliopewa jina la mivumo ambayo wenyeji huiita mikumi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni msitu wa miyombo, na miyombo inapochanua nyuki hupata chakula tele. Palipo na nyuki hapakosi mrina asali.

Kazi ya mrina asali wa zamani ilianza kwa shoka na tezo. Aliteua gogo zuri, akalikata urefu wa kadiri ya hatua moja, akalitoboa ndani mpaka likawa wazi toka mwisho hadi mwisho. Ncha zake alizifunika kwa vifuniko vya mti au gome, akiacha tundu dogo la kupitia nyuki. Ndani alipaka nta ya zamani, kwa kuwa nyuki huvutwa na harufu ya makao yaliyokwisha kukaliwa. Kisha aliutundika mzinga juu kwenye tawi, mbali na moto wa nyika na mbali na nyegere, mnyama asiyeogopa kuumwa. Kurina kulifanywa zaidi usiku, kwa moshi wa mwenge na kwa utulivu mwingi. Mtu mwenye papara hakudumu katika kazi hiyo.

Sasa na tutazame jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Mti uliotobolewa ni mzinga ukikaliwa na nyuki; mti uliotobolewa ukiwambwa ngozi ni ngoma. Tezo ni ileile, na jicho linalopima unene wa ukuta wa gogo ni lilelile. Hatusemi kwamba kila mrina asali alikuwa mchongaji. Lakini mkono uliozoea kutoboa mzinga haukuona ugumu kutoboa ngoma, kuchonga kigoda, kinu au mwiko. Na nta iliyobaki baada ya asali kuliwa haikutupwa: mafundi wa marimba hubandika chembe ya nta kwenye ubamba wa chuma ili sauti yake ishuke ipendavyo. Hivyo asali ilikwenda jikoni na kwenye pombe ya sherehe, na nta ikaenda kwenye muziki wa sherehe ileile.

Katika nchi hii, pamoja na kwa jirani zao Waluguru, Wakwere na Wazaramo, wachongaji walichonga pia mwana hiti. Ni sanamu ndogo yenye kiwiliwili mfano wa gogo na kichwa chenye mtindo wa nywele za kike, iliyotumika katika mafunzo ya wali walipokuwa wakitolewa utotoni. Sanamu nyingi za aina hiyo zilichukuliwa wakati wa ukoloni, na leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mtu akizitazama huko, mara nyingi husoma kando yake jina la kabila na jina la nchi. Pengine husoma na jina la mzungu aliyeichukua. Jina la aliyeichonga halimo.

Hapa ndipo panapotuuma. Wafuga nyuki wengi wa nchi yetu walikuwa na desturi ya kuchora alama juu ya mzinga, mikato miwili mitatu ya kisu, ili kila apitaye msituni ajue mzinga ni wa nani au wa ukoo gani. Mtu akiiba asali, alama ile ilimshitaki. Basi wazee wetu walijua vyema maana ya kuitia kazi ya mkono alama ya mwenyewe. Mzinga ulioning'inia porini peke yake ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, bali sanamu iliyowekwa ndani ya kabati la kioo katika mji mkubwa imekuwa kama haina mwenyewe.

Historia nayo iliwapunguzia nafasi mafundi hawa. Mwaka 1884 Carl Peters alifika Usagara na karatasi zake za mikataba, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikaitwaa nchi. Reli ya Kati iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikapita Kilosa, na mashamba ya mkonge yakaenea Kimamba na kwingineko. Vijana wakaitwa mashambani. Nta ikawa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo, lakini aliyeirina alijulikana dukani kwa uzito wa mzigo wake tu.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa. Ilipopanuliwa mwaka 1975 ikafikia kilomita za mraba 3,230. Hifadhi hiyo ni fahari yetu na imeokoa wanyama na miti. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba msitu ukiwa hifadhi, hautundikwi mizinga tena. Katika miaka hiyohiyo ya sabini, watu walihamia vijiji vya ujamaa, wakapata shule na zahanati, na wengi wakawa mbali na miti ya baba na wajomba zao. Mambo hayo yalikuwa na faida yake. Lakini kijana aliyekuwa akimfuata mjomba wake msituni alipoacha kumfuata, hakuacha asali peke yake. Aliacha majina ya miti, nyimbo za safari na ustadi wa tezo.

Ili tuone tofauti inayoletwa na jina kuandikwa, tuvuke mpaka wa magharibi wa Kilosa mpaka Ugogo. Huko, katika kijiji cha Doduma, alizaliwa Hukwe Zawose, mpigaji wa marimba na zeze. Naye alikuwa msanii wa kijijini, mtoto wa wafugaji. Katika miaka ya sitini Mwalimu Nyerere alivutiwa na muziki wake, akaitwa Dar es Salaam. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sauti yake ilirekodiwa, na mwaka 1996 santuri yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza. Alipofariki Desemba 2003, taifa lilijua limempoteza nani, na jamaa zake wanaendelea kupiga muziki wake hadi leo. Hatudhani kwamba Kilosa haikuwa na watu wa kipawa kama chake. Twadhani kwamba hakuna aliyepita na kuandika.

Siku hizi wafugaji wengi wanatumia mizinga ya masanduku, ambayo haihitaji mti mzima ukatwe kwa ajili ya mzinga mmoja. Serikali ilitunga Sera ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998 na Sheria yake mwaka 2002. Hatuwashauri vijana warudi kukata magogo. Twawashauri wajifunze kwa waliojua magogo kabla hawajatoweka.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa sekondari, hasa wa historia na Kiswahili, wawape wanafunzi kazi moja. Kila mwanafunzi amtafute mzee au bibi mmoja wa kijiji chake aliye na ufundi, akae naye, aandike jina lake kamili, ukoo wake, aliyemfundisha, miti aliyoitumia, na alama aliyokata juu ya mizinga yake. Aichore alama ile kwa usahihi, na chini yake aandike tarehe. Madaftari hayo yatunzwe katika maktaba ya shule. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Nasi twasema, asali ikiliwa, aliyeirina atajwe.