Usimamizi Shirikishi wa Misitu (Tanzania)

Usimamizi shirikishi wa misitu ni utaratibu unaowapa wananchi wa Tanzania Bara sehemu katika kulinda misitu ya asili na kunufaika nayo. Una sura mbili. Katika usimamizi wa pamoja, msitu hubaki mali ya serikali na kijiji husaidia ulinzi. Katika hifadhi ya msitu wa kijiji, mwenye msitu ni kijiji chenyewe. Sura hii ya pili ndiyo iliyozaa matunda ya kuonekana.

Chimbuko

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuutwaa msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati. Wananchi walipoona unawaponyoka, ukataji ulizidi. Baada ya majadiliano msitu ulirudishwa mikononi mwa vijiji, navyo vikaweka walinzi na sheria ndogo zao. Mgori, mkoani Singida, ulifuata. Mafunzo ya huko yaliingia katika Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo chini yake kijiji kilichotangaza hifadhi yake hakidaiwi mrabaha wa serikali kuu.

Kilwa na mpingo

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yalivuka Mto Rufiji kwa urahisi na magogo ya kusini yakapakiwa usiku na mchana. Vijiji vilivyoishi na miti hiyo vizazi kwa vizazi viliambulia fedha kidogo mno.

Shirika la MCDI, lenye makao Kilwa Masoko, lilivisaidia vijiji kupima mipaka, kuhesabu miti na kuandaa mpango wa uvunaji. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza barani Afrika kuvuna msitu wa asili wa jamii kwa cheti cha FSC, ushahidi kwa mnunuzi kwamba mti haukuibwa wala haukukatwa kupita kiasi. Nanjirinji A ilifuata, ikiwa na hifadhi ya zaidi ya hekta 60,000.

Miongoni mwa miti inayovunwa ni mpingo, ambao hukua polepole sana: huchukua miaka 70 hadi 100 kufaa kuvunwa, na kisheria haukatwi kabla shina halijafikia kipenyo cha sentimeta 24. Shina lake mara nyingi ni fupi, limepinda na lina pango ndani. Chini ya ganda la mti kuna mbao nyeupe isiyo na soko. Kinachotafutwa ni kiini cheusi, ambacho viwanda vya Ulaya hukichonga zumari za klarineti na obo, na Wamakonde hukichonga vinyago. Gogo lenye ufa halifai ala ya muziki, hivyo sehemu kubwa ya kila gogo hupotea kwenye msumeno. Kamati ya maliasili ya kijiji huteua mti, hushuhudia ukikatwa, kisha gogo hugongwa nyundo ya alama kabla ya kupakiwa. Moto wa kiangazi ni adui mkubwa wa miche kuliko shoka.

Mapato yamejenga madarasa na visima, na hulipa posho za doria.

Mkaa wa Kilosa

Kuanzia 2012, vijiji kadhaa vya Kilosa vilitenga sehemu ya msitu kwa mkaa, kwa msaada wa mashirika ya TFCG na MJUMITA. Msitu hugawanywa viploti vya mita 50 kwa 50, hukatwa kimoja na kuachwa cha jirani, na visiki huachwa vichipue kwa miaka 24.

Nta na asali

Nta na asali pia huvunwa, hasa katika miombo ya magharibi.

Hali ya sasa

Tathmini ya taifa iliyotolewa 2015 ilikadiria misitu ya Tanzania Bara kuwa hekta milioni 48.1, karibu nusu yake ikiwa katika ardhi za vijiji. Misitu ya serikali kuu iko chini ya wakala wa misitu wa serikali, TFS. Vijiji vilivyo katika usimamizi wa pamoja, hasa kwenye vyanzo vya maji vya milima ya Tao la Mashariki, hulinda kwa bidii lakini havipati cha kuuza, kwa kuwa uvunaji humo umezuiwa.