Simu ya Upepo, Kutoka Bukoba hadi Nyamigogo

Kutoka Nyamigogo unafika Biharamulo mjini, lilipo boma la Wajerumani, kisha unapanda basi la Muleba hadi Bukoba. Njia hiyo kila mtu anaijua. Mimi nimeifuata kwa ajili ya njia nyingine, ile ya simu ya upepo.

Mwaka 1911 Wajerumani walifungua mitambo ya simu ya upepo ya Telefunken Bukoba na Mwanza, habari zivuke ziwa, takriban kilomita 180, bila kungoja meli. Mitambo ile ilitumia cheche: umeme uliruka kwenye mwanya wa chuma, na mawimbi yakatapakaa kote. Yalihitaji nguvu nyingi na mlingoti mrefu, na mlingoti mrefu kando ya ziwa haufichiki. Tarehe 22 Juni 1915 askari wa Uingereza waliotoka Kisumu kwa meli walishuka karibu na Bukoba. Kesho yake mji ukaanguka, mlingoti ukalipuliwa, maduka na nyumba zikaporwa. Alikuwemo mwindaji Frederick Selous, mwenye miaka 63, ambaye pori la akiba la kusini lilikuja kuitwa kwa jina lake. Kwa maoni yangu, uporaji ule ulistahili kukumbukwa kuliko bunduki yake.

Ngara, wilaya jirani ya Biharamulo, ilizizoea antena mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki na kambi ya Benaco ikazuka. Magari ya misaada yalipita na fimbo ndefu za redio zikiyumba.

Siku hizi wanaredio wa ridhaa wamegeuza kibao: badala ya kuongeza nguvu, wanapunguza mwendo. Wapo wanaotuma msimbo wa Morse ambao nukta moja huchukua sekunde 3 au zaidi. Haufuatwi kwa sikio, unasomwa kwenye skrini ya kompyuta kama mchoro. Mwaka 2008 Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, alitoa mfumo wa WSPR. Ujumbe wake una mambo matatu tu: alama ya mtumaji, mraba wa ramani alipo, na nguvu anayotumia. Huo huchukua karibu dakika 2, kwa toni 4 zilizobanana ndani ya hezi 6. Kompyuta huuokota hata ukiwa chini ya moja ya mia sita ya kelele zinazojaa mkondo wa kawaida wa sauti.

Vifaa ni vichache: waya wa mita 10 uliokatwa katikati na kutundikwa kati ya miti miwili, kisanduku cha kurushia mawimbi, betri ya sola, na saa sahihi, maana kila ujumbe huanza sekunde 1 baada ya dakika shufwa. Kwa megahezi 14, anga ikikubali, moja ya tano ya wati inasikika Ulaya.

Dunia yote imegawanywa miraba. Bukoba ni KI58, Mwanza KI67; Nyamigogo imo KI57, pamoja na miji ya Biharamulo na Ngara. Walimu wa fizikia wa wilaya hizi mbili, anzeni na wanafunzi kwa kupokea. Kabla ya kurusha, ombeni leseni TCRA. Alama za Tanzania huanza na 5H.