Dawa nyekundu ya kansere na moyo: msichana na mvulana hawako sawa

Watu waliopata shimio wanajua dawa moja kwa rangi yake. Ni nyekundu, inapitishwa kwenye mshipa, na kisha siku moja ao mbili hata mkojo unatoka mwekundu. Jina lake ni doksorubisini. Waganga wa zamani wanaiita Adriamycin, jina lililotokana na bahari ya Adriatic, kwa sababu ilitoka Italia, ambako watafiti waliitoa kwenye bakteria za udongo. Tangu miaka ya 1970 inatibu kansere ya ziwa, kansere za damu, za mifupa, limfoma na Kaposi, na OMS imeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima.

Imeponyesha watu wengi sana, na hilo lisisahauliwe hapa chini. Lakini dawa hiyohiyo inaweza kuumiza moyo. Wengine wanaanza kuona shida wakati wa matibabu ao katika mwaka wa kwanza. Wengine, zaidi wale waliotibiwa wakiwa watoto, wanaona miaka kumi ama zaidi nyuma, wakati kila mtu nyumbani alishaona kama ile kansere ni hadithi ya zamani.

Chembe za moyo zinafanya kazi usiku na mchana, na zinaomba nguvu nyingi. Doksorubisini inavuruga mahali nguvu hiyo inatengenezwa, na inakata DNA ndani ya chembe. Tena, ikikutana na madini ya chuma, inazalisha kemikali zinazounguza chembe toka ndani. Ngozi ao damu inaweza kujitengeneza upya. Chembe ya moyo ikikufa, mwili karibu hauna namna ya kuirudisha. Zinazobaki zinavuta mzigo wote, moyo unapanuka, unasukuma damu kwa shida.

Hesabu haianzi upya

Kipimo cha dawa hii kinahesabiwa kwa miligramu kwa kila metre carré ya mwili, na kinajumlishwa kwa maisha yote. Mwanamke wa kansere ya ziwa anayepewa 60 mara nne anafika 240. Mtu wa limfoma anayepewa 50 mara sita anafika 300. Kansere ikirudi miaka nane nyuma, hesabu inaendelea pale iliposimamia.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliangalia karatasi za wagonjwa karibu 4.000. Wakaona moyo kushindwa kazi kwa watu 3 juu ya 100 kwenye kipimo cha 400, watu 7 kwenye 550, na 18 kwenye 700. Utafiti mwingine wa 2003 ulionyesha kama hali ni mbaya zaidi: 5 juu ya 100 kwenye 400, na 26 kwenye 550. Ndiyo maana waganga wanaogopa kupita kati ya 450 na 550. Kwa mtoto, 250 peke yake inatosha kumuweka kati ya wale wa kufuatiliwa kwa karibu.

Wasichana

Mwaka 1995, watafiti wa Boston walipima mioyo ya watu 120 waliopewa dawa hii wakiwa watoto, kwa kansere ya damu ao ya mifupa. Kwa wastani ilikuwa imepita miaka nane. Wasichana walikuwa na moyo ulioumia kuliko wavulana waliopata kipimo kilekile, na kadiri kipimo kilivyopanda, ndivyo tofauti ilivyoongezeka.

Sababu moja inayotajwa ni mafuta ya mwili. Doksorubisini haiingii vizuri kwenye mafuta. Msichana na mvulana wanaweza kuwa na metre carré sawa, wapewe sindano sawa, lakini kama msichana ana mafuta zaidi, dawa inayobaki kufika kwenye moyo ni nyingi. Kipimo kile cha karatasi hakioni jambo hilo.

Kwa watu wazima mambo yanageuka. Kati ya waliopona limfoma ya Hodgkin, kuna tafiti zilizoona wanaume ndio wanaumia zaidi. Kwa panya vilevile, madume wanaharibika moyo kuliko majike, na majike waliotolewa ovari wanapoteza sehemu ya ile kinga. Homoni za kike zinaonekana kulinda moyo kwa muda fulani wa maisha.

Kwa hiyo kusema tu kama “moyo wa mwanamke ni mdogo” si kweli. Wanawake wanaonekana wengi kwenye hesabu pia kwa sababu kansere ya ziwa ni yao zaidi, na wengine wanapewa juu yake Herceptin, dawa nyingine inayochokesha moyo. Uharibifu wa Herceptin mara nyingi unarudi nyuma dawa ikisimamishwa. Lakini katika majaribio ya 2001, waliopewa zote mbili wakati mmoja walipata shida ya moyo watu 27 juu ya 100, na leo waganga wanakwepa kuzichanganya hivyo.

Dalili ni hizi: kukosa pumzi ukipanda kilima kidogo ao ukilala chali, kikohozi cha usiku, miguu kuvimba, moyo kupiga ovyo. Huku Kivu, miguu ikivimba, familia inaweza kuanza kutafuta nani aliweka karuho. Wiki zinapita, na wiki ndizo zenye bei. Utafiti wa Italia wa 2015, wa wagonjwa 2.625, ulionyesha kama karibu visa vyote vilivyogunduliwa vilitokea mwaka wa kwanza, na wengi waliopewa mapema dawa za moyo walipata nafuu, hata kama wachache tu ndio walirudi sawasawa kama mbele.

Kipimo kinachoonyesha ni ekografi ya moyo: mbele ya shimio, kisha matibabu, na tena baadaye. Tansio pia ipimwe, maana ikipanda inaongeza hatari. Ukitoka hopitali, omba karatasi yenye jina la dawa na jumla ya miligramu, na uitunze pamoja na carte d'électeur. Ni ya lazima zaidi kwa mama wa mtoto msichana. Siku moja huyo mtoto atabeba mimba, na mimba inaongezea moyo kazi nyingi. Akipeleka karatasi hiyo kwenye CPN ya kwanza, muganga atajua kumtuma kwa ekografi ya moyo katika miezi mitatu ya mwanzo, ao vizuri zaidi, mbele hajabeba.