Bibi yangu na siku 2,834

Haya wadau, nimerudi chuo. Likizo nimeimalizia Segera kwa bibi, na mwenzenu nimerudi na hesabu isiyonipa usingizi.

Si mnakumbuka ile kazi ya kutengeneza programu ya umri? Kompyuta haina habari na miaka, yenyewe inahesabu siku tu. Excel inaanzia Januari 1, 1900, hiyo ndiyo siku namba moja, halafu inatoa tarehe moja kwa nyingine. (Eti ndani yake kuna Februari 29, 1900, siku ambayo haijawahi kuwepo! Kosa la Lotus 1-2-3 ya 1983, wakaliacha makusudi ili mafaili yaelewane.)

Basi nikaweka tarehe ya kwenye kadi ya bibi: Januari 1, 1968. Hiyo alibuniwa na karani. Cheti hana, maana sheria ya Waingereza ya 1920 haikumlazimisha Mwafrika kusajili mtoto.

Lakini bibi mwenyewe anajua. Alinicheka: "Mjukuu wangu, mimi nimezaliwa Mfunguo Mosi, masika yamechachamaa. Siku ya Uhuru natembea, na ziwa sijaachishwa." Dada yake mkubwa, aliyekuwa anambeba, anasema vilevile.

Tuchambue masimulizi kama tunavyofundishwa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Mfunguo Mosi unarudi nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani. Kuangukia masika ni miaka michache tu, halafu usubiri miaka kama 33 mzunguko urudi. Kabla ya Desemba 9, 1961 ilikuwa kuanzia 1956 hivi. Mtoto wa 1961 angekuwa na miezi minane au tisa, hatembei. Wa 1959 angeshaachishwa ziwa. Unabaki 1960, mwezi uliandama karibu na Machi 29.

Kutoka hapo mpaka Januari 1, 1968 ni siku 2,834. Hata kama alizaliwa mwezi unaisha, ni zaidi ya 2,800. Karibu miaka minane, karani kaifuta kwa kalamu moja!

Mnacheka? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu mzee akifika miaka 60. Bibi alifika 2020. Kadi inasema 2028, na dirishani wanatazama kadi, hawatazami mvi. Presha yake analipia.

Wa kumlia kiapo amebaki dada yake peke yake, na miguu yake haimbebi tena. Bumu likitoka tu, napanda basi kuwapeleka wote wawili.