Mahame ya Nassa

Afrika ya Kaskazini ina bahati ya mawe. Soma waandishi waliopita Tipasa, mji mdogo wa pwani ya Algeria, na utakutana na nguzo za Kirumi, kuta za kanisa la Wakristo wa mwanzo, na bahari nyuma yake. Mwandishi anakaa juu ya jiwe, anatoa daftari, kazi imeanza. Nchi hiyohiyo ndiko alikozaliwa Agustino mwaka 354, kwenye mji ambao leo unaitwa Souk Ahras. Maandishi ya aina hiyo nimeyasoma sana nikiwa Bariadi, mji wa pamba, na sikukaa muda mrefu kabla ya kujiuliza: sisi wa Simiyu, magofu ya Ukristo wetu wa mwanzo yako wapi?

Warumi tuwamalize mapema. Hawakufika huku. Walichokuwa nacho ni fununu tu. Nero alituma maofisa wawili wa jeshi wapande na mto Nile, wakakwama kwenye mabwawa yaliyojaa majani. Karne ya 2 Ptolemaio wa Alexandria akaandika kwamba mto huo unatoka kwenye maziwa mawili, habari zilizomfikia kupitia mabaharia waliofika Rhapta, bandari ya pwani yetu hii. Zaidi ya miaka 1,700 baadaye, mwaka 1875, Stanley akafika ziwani na kuutangaza mto Simiyu kuwa chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Ndiyo, Simiyu huu huu, ambao kiangazi mchanga wake unaonekana kuliko maji! Wataalamu wakaja kuhamishia sifa hiyo kwenye Kagera na vijito vya Rwanda na Burundi. Sisi tukabaki na jina, na mwaka 2012 likawa jina la mkoa.

Wakristo, hao walifika kweli. Barua ya Stanley kutoka kwa Kabaka Mutesa ilichapishwa London Novemba 1875, ikiomba wamisionari, na shirika la CMS likaitikia haraka. Wa kwanza walipita upande wetu wa ziwa, wakiweka kambi Kageyi, ambako leo ni upande wa Mwanza. Walikufa kama nzige. Daktari wao, John Smith, alifia Kageyi mwaka 1877. Desemba mwaka huohuo Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe, wakiwa wamejikuta katikati ya ugomvi wa mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti, ndiye aliyedumu. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kuchapa vitabu vya Kiganda akiwa uhamishoni. Akafia hapohapo Februari 1890.

Miaka hiyohiyo, mwishoni mwa 1880 na kitu, CMS walifungua kituo Nassa, kwenye Ghuba ya Speke. Nassa leo iko wilaya ya Busega, ndani ya mkoa wetu. Mkataba wa 1890 uliiweka upande wa Wajerumani, lakini kikanisa iliendelea kuongozwa kutoka Uganda, na walimu Waganda walivuka maji kuja kufundisha Wasukuma kusoma. Mwaka 1909 CMS waliikabidhi kwa Africa Inland Mission. Kanisa la AICT unaloliona leo karibu kila kona ya Usukuma lina mizizi yake hapo.

Basi nikaenda. Kutoka Bariadi unateremka hadi Lamadi, kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, unaelekea Mwanza kidogo, halafu unakata kwenda upande wa ziwa. Nilimwambia kijana wa bodaboda kwamba natafuta magofu ya misheni ya zamani.

"Mapagale, dada? Mapagale mbona yapo mengi."

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa kichwani njia nzima. Pagale ni nyumba iliyoishia kwenye lenta kwa sababu mwenyewe kaishiwa hela. Gofu ni neno linalokubali vizuri mawe ya pwani: Kilwa, Kaole, kuta za matumbawe na chokaa ambazo zimesimama karne nyingi baada ya wenyewe kuondoka. Halafu kuna mahame, mahali palipohamwa, hata kama hakuna ukuta uliobaki. Wasukuma wana neno lao, itongo, na wakiwa wengi ni matongo. Itongo hulisomi kwa kuta. Unalisoma kwa mstari wa minyaa uliokuwa ua, kwa mti uliopandwa na mtu, kwa kipande cha shamba ambacho mahindi yake ni meusi kuliko ya jirani kwa sababu palikuwa zizi. Bibi yangu alikuwa anapita mahali ambapo mimi naona pori tu, anasema hapa alikaa fulani, pale palikuwa na mji wa fulani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizidisha matongo hayo. Watu walisombwa, udongo ukarudi kuwa udongo.

Nyumba za wamisionari wa mwanzo nazo zilijengwa kwa vitu vilevile: miti, udongo, nyasi. Mchwa hawabagui dini.

Kwa hiyo Nassa sikuona nguzo, wala jiwe la kukalia. Nilichokiona ni kanisa linalotumika, watu wanaoishi kando yake, na ziwa. Hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia wale waandishi wa Tipasa kwa jicho lingine. Kuta za Tipasa zimebaki vile kwa sababu waumini wake waliisha. Hakuna aliyebaki wa kusema paa linavuja, tukusanye michango, tubomoe, tujenge kubwa zaidi. Nassa waumini hawakuisha. Kila kizazi kilibomoa cha wazazi wake: udongo ukapisha tofali, nyasi zikapisha bati. Usharika unaoendelea ndio adui mkubwa wa magofu, na sidhani kuna mchungaji atakayeuomba radhi historia kwa hilo. Wala hapaswi.

Ila kuna kitu kinapotea, na hapa sikubaliani na wanaosema "imani haikai kwenye majengo" kisha wakafunga mjadala. Majengo yakienda, majina yanafuata. Jina la Mackay liko salama. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala, na Usambiro ikabaki hame kwelikweli, bila usharika wake wa mwanzo na bila kaburi lake. Lakini wale walimu Waganda? Wapagazi waliobeba mizigo kutoka pwani? Msukuma wa kwanza kusoma sentensi kwa lugha yake, miaka mingi kabla Agano Jipya la Kisukuma halijatoka mwaka 1925? Waandishi wa barua za CMS walikuwa Waingereza, na barua zenyewe zimetunzwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Mtoto wa Busega anayetaka kujua nani alimfundisha babu wa babu yake kusoma aanze na viza.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na masalia ya ujenzi wa kabla ya 1886. Chochote cha baada ya hapo kinasubiri waziri akitangaze. Kituo cha Nassa kimeikosa tarehe hiyo kwa miaka michache tu. Na hata kingeiwahi, sheria iliyoandikwa ikiwafikiria Kilwa na Kaole ingelinda nini pale? Minyaa?

Mimi ningeanza na wazee, na ningeanza mwaka huu, kwa simu ya kawaida yenye kinasa sauti. Nyumba ya wageni ilikuwa wapi, darasa la kusoma lilikuwa chini ya mti gani, nani kazikwa wapi, nani alikuja na mtumbwi kutoka Buganda akaoa akabaki. Makanisa yetu yanapenda jubilei, na jubilei huwa na kamati ya chakula, kamati ya kwaya, kamati ya fulana. Kamati ya majina ingetosha watu wawili na daftari. Na sharika yoyote ya zamani inayojiandaa kubomoa ipime kwanza: urefu, upana, mlango ulitazama wapi, tofali zilichomwa na nani. Kazi ya asubuhi moja, kabla ya fundi kufika.