Gazi, Ghuba ya (utafiti wa mikoko)

Ghuba ya Gazi iko Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kilomita 50 hivi kutoka Mombasa. Msitu wake wa mikoko, wenye hekta 600 na ushei, ni miongoni mwa misitu ya aina hiyo iliyochunguzwa zaidi barani Afrika. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, humwaga maji baridi ghubani. Mbele ya mikoko yametanda majani ya bahari, na mbele yake tena kuna mwamba wa matumbawe.

Neno mkoko lina maana mbili. Kwa upana hutaja mti wowote unaoota kwenye maji ya chumvi yanayojaa na kupwa. Kwa wakataji miti wa pwani, mkoko ni mmoja tu kati ya ndugu zake, ule wenye mizizi iliyoinama kama matao (Rhizophora mucronata). Wengine wana majina yao: mlilana, mchu, mkandaa, muia, mkomafi, msikundazi, kikandaa. Orodha hiyo ilikuwapo vinywani mwa watu kabla ya mtaalamu yeyote wa mimea kufika Gazi, na inalingana vizuri na ile ya Kilatini. Anayeingia kwa mtumbwi hupokewa na mlilana, kisha mkoko, halafu mkandaa ambao bamvua ndiyo huufikia. Mchu una tabia yake: humea upande wa bahari, ukauruka ukanda wa katikati, ukaonekana tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Jambo hilo limewashughulisha watafiti kwa miaka.

Kwa karne nyingi mikoko ya Afrika Mashariki ilikatwa kwa boriti, fito na kuni, na majahazi yalipeleka boriti hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Huko Gazi, hata hivyo, pigo kubwa halikutoka kwa majahazi. Katika miaka ya 1970 miti ilifyekwa kwa wingi kulisha matanuri ya chokaa na matofali, na sehemu zilizobaki wazi hazikuota tena zenyewe.

Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), wakiongozwa na James Kairo, walianza kupanda miti kwa majaribio. Mkoko hurahisisha kazi hiyo. Mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti cha kijani, na ikikomaa hudondoka. Mpandaji huiokota na kuichomeka topeni, ncha chini, maji yakiwa yamekupwa. Ugumu uko kwingine: kila mti una kimo chake cha maji, na mche uliopandwa mahali pa mwenzake hufa hata ukitunzwa vipi.

Utafiti wa miaka ya mwanzo ya 1990 ulifuatilia safari ya majani yanayopukutika. Kaboni ya mikoko hutofautiana na ya majani ya bahari kwa uwiano wa atomi zake nzito na nyepesi, kwa hiyo chembe zinazoelea majini zinaweza kuulizwa zilikotoka. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya kinachotoka msituni hunaswa na majani ya bahari yaliyo jirani, na kidogo tu hufika kwenye matumbawe. Maji yanapojaa, mabaki ya majani ya bahari nayo hurudishwa mikokoni.

Jaribio linalostahili kujulikana zaidi lilichapishwa mwaka 2014 na Joseph Lang'at wa KMFRI pamoja na wenzake. Walichagua vipande kumi vya msitu wa mkoko. Katika vitano, miti ilibanduliwa gome kuzunguka shina, kisha ikakatwa, vitano vikaachwa. Vilivyoachwa, ardhi yake iliinuka kwa milimita 4 hivi kwa mwaka. Vilivyokatwa, ilididimia kwa milimita 32. Mizizi ilikuwa inakufa na kuoza, tope likajikaza, na gesi za ukaa na methani zikatoka kwa wingi kuliko kabla. Vipande hivyo vilikuwa vidogo, ukataji wa kadiri ambao hakuna anayeuona kuwa uharibifu. Huko ndiko uliko uzito wa matokeo: wakati bahari inapanda, mkataji huteremsha ardhi iliyo chini ya miguu yake. Kuthamini mkoko kwa boriti zake pekee ni kuhesabu nusu ya mali, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni imo topeni.

Hesabu za kaboni ndizo zilizozaa Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulioanza mwaka 2013. Unalinda hekta 117 na kuuza hati za hewa ukaa za takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha si nyingi. Zimenunua vitabu vya shule na kusambaza maji. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, nako ukaanzishwa mradi kama huo. Msitu wenyewe ni mali ya serikali. Wanakijiji huutunza kwa mkataba waliotia sahihi na Huduma ya Misitu ya Kenya.