Kupandikiza nywele: Ya kuzingatia kabla ya kuchagua kliniki

Upandikizaji hauumbi nywele mpya; huhamisha tu zilizopo. Daktari hutoa mashina ya nywele kisogoni, ambako upara wa kurithi haufiki kwa kawaida, na kuyapanda utosini au juu ya paji la uso. Akiba hiyo ya kisogoni haijazwi tena. Kwa hivyo, kliniki inayoahidi kumrejeshea mtu nywele zote za ujanani ni ya kuepukwa.

Mteja aulize ni nani hasa atakayempasua: daktari mwenyewe au msaidizi asiyesajiliwa. Nchini Kenya, usajili wa daktari na leseni ya kituo huthibitishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Anayesafiri hadi Istanbul, mji wenye kliniki tele za aina hii, aulize pia ni nani atakayemhudumia vidonda vikioza akisharejea nyumbani.

Mashina ya nywele za Waafrika wengi hujipinda chini ya ngozi, hivyo ni rahisi kukatwa yanapotolewa. Daktari awe na ujuzi wa nywele hizo. Aidha, mwenye ngozi inayofanya makovu ya kufura aseme mapema.

Majuma machache baada ya upasuaji, nywele nyingi zilizopandwa hudondoka. Hiyo si dalili ya kushindwa, kwani mashina hubaki. Nywele huanza kuota tena baada ya miezi 3 au 4, na matokeo kamili huonekana baada ya miezi 12 hivi.

Hata hivyo, nywele za asili zaweza kuendelea kupungua. Ndiposa daktari mwaminifu humshauri kijana ambaye upara wake ungali unaenea asubiri kwanza.